Mistari Iliyopotea Ukurasa wa Kumi na Moja

Nina umri wa miaka thelathini na mitatu, sijaolewa, na ninaishi peke yangu katika chumba cha kupanga huku Tudor. Kwetu ni Kuze, mtaa wa Mji wa Kale. Mamangu yu hai, nyumba ya babangu bado imesimama, na chumba changu pale kina kitanda kilichotandikwa. Mnajiuliza mwanamke wa Mji wa Kale amehamaje kwao bila mume? Subirini, wasomaji wenzangu. Nitawaambia yote, hata yanayoniaibisha… na hayo ndiyo mengi.

Majina nimeyabadilisha. Mimi niiteni Zainabu.

Kazi yangu ni kupiga chapa. Si kwa taipureta, kwa kompyuta! Katikati ya miaka hii ya tisini niliajiriwa katika ofisi ndogo ya wachoraji wa majengo, si mbali na Ngome ya Yesu. Bosi wetu, Bwana Nassor, alikuwa akipewa kazi ya kukagua nyumba kuukuu za mji kabla hazijatengenezwa, kisha anaandika ripoti. Ripoti hizo nilizichapa mimi.

Na nilikuwa hodari, sioni haya kusema. Ofisi nyingine zilichapa maneno mbele na kukunja ramani nyuma, zikabanwa kwa pini, zikachanika kabla ya kufika kwa mwenyewe. Mimi nilijifunza kuichukua ramani kutoka kompyuta ya mchoraji na kuiingiza katikati ya maandishi, ikakaa kwenye ukurasa pale pale inapozungumziwa. Wateja walifungua ripoti zetu wakashangaa. Bwana Nassor alikuwa akiwaambia, "Hiyo ni mikono ya Zainabu." Nami nilikuwa nikivimba kichwa!

Kulikuwa na njia mbili za kuiingiza ramani. Njia ndefu ilikuwa ya kumwomba mchoraji aitoe upya kwenye diski, mistari yote ikiwa na unene wake, uiingize, uchape, kisha uiweke ubavuni mwa ramani kubwa na kulinganisha mstari kwa mstari. Kompyuta yenyewe ilikuwa ikiganda njiani, unaizima na kuanza tena. Kazi ya saa mbili, tatu. Njia fupi ilikuwa ya kuipiga picha ramani kama inavyoonekana kwenye kioo cha kompyuta, kuibandika, na kuiminya mpaka itoshe ukurasa. Dakika tano. Kwa mbali zote mbili zilionekana sawa.

Kwa mbali tu.

Mchoraji wetu alikuwa Hamisi, Mdigo wa upande wa Kwale. Mtu mpole, mashati yake yamepigwa pasi kila siku, hasemi mpaka asemeshwe. Meza zetu zilipeana mgongo. Kila aliponipa diski alikuwa ameandika juu yake jina la nyumba kwa herufi zake ndogo nzuri, na chini yake kijineno cha kunichekesha mimi tu. "Nyumba hii ina paka saba." "Mwenye nyumba hii amenipa kahawa mara nne, usiku sitalala." Diski nyingine nilikataa kuzirudisha, nikasema hizi hazifutwi. Mpaka leo ninazo kumi na mbili.

Nilimpenda. Basi, nimesema.

Mamangu hakutaka kusikia. Aliuliza kama wanaume wa Kuze wamekwisha. Mashangazi walikuja mmoja mmoja kunishauri, wakanywa chai yetu na kumsema Hamisi bila hata kumjua. Nilisimama kidete mwaka mzima! Mwisho wakachoka, wakakubali watu wake waje kuleta posa.

Wakati huo huo tukapewa nyumba ya Bi Rukia.

Bi Rukia na dadake Bi Salma walikuwa wajane wawili, nyumba zao zinatazamana hapo hapo Kuze, hatua chache kutoka kwetu. Juu ya kichochoro kulikuwa na wikio, kijumba kilichovuka kutoka orofa ya nyumba moja hadi orofa ya nyumba ya pili, ili wanawake wa ndani watembeleane bila kushuka njiani. Bi Salma alikuwa haoni, na ngazi zile za mwinuko hakuthubutu kuzishuka hata akishikwa mkono. Bi Rukia magoti yalimfunga, ngazi zilikuwa zimemshinda miaka. Wikio lile ndilo lililokuwa maisha yao. Asubuhi Bi Salma anavuka, wanakunywa chai, wanasomeana dua, wanagombana kidogo, jioni anarudi kwake.

Hamisi hakuweza kuingia ndani kwa wanawake kupima. Ndivyo ilivyo kwetu, na ndivyo tulivyofanya nyumba zote: mimi naingia na tepu, napiga kelele za vipimo kutoka juu, yeye yuko chini kwenye baraza anaandika. Siku hiyo Bi Salma alinishika mkono akanipitisha chumba baada ya chumba kama mwenye macho yake.

"Mimi sina mato, mwanangu," akaniambia, "lakini miguu yangu yaona. Kanyaga hapa. Wasikia? Boriti za wikio haziishi ukutani kwa nje. Zaingia chini ya sakafu hata ukuta huu mwembamba wa ndani. Babangu ndiye aliyezitia."

Nikakanyaga. Kweli, nilisikia. Nikachungulia dirishani nikamwambia Hamisi, na yeye akazichora boriti zile kwa mistari ya vipande vipande, ambayo kwa wachoraji maana yake ni kitu kilichofichika, hakionekani lakini kipo. Mnaona? Mimi ndiye niliyeziona. Mimi ndiye niliyemwambia.

Ripoti ilitakiwa Alhamisi adhuhuri. Na Alhamisi hiyo hiyo, baada ya alasiri, mjomba wake Hamisi na wazee wenzake walikuwa wanakuja kwetu na posa.

Hamisi mwenyewe hakuwapo ofisini, alikwenda Likoni kuwapokea wazee wake. Mimi nilikuwa na hina mikononi, mbichi bado kwenye kucha, na mawazo yangu yote yalikuwa nyumbani. Je, wameshatandika mkeka mzuri? Mamangu hatanuna mbele ya wageni? Nikaanza njia ndefu, kwa diski aliyoniachia. Kompyuta ikaganda. Nikaizima, nikaiwasha. Ikaganda tena ukurasa wa kumi na moja, ile ile ramani ya orofa ya Bi Rukia.

Nikatazama saa.

Nikatumia njia fupi… Nikaipiga picha, nikaibandika, nikaiminya mpaka ikatosha. Nikachapa. Nilitazama ukurasa mara moja tu, na nasema kweli mbele ya Mungu, jicho langu liliona kuna kitu hakipo. Lakini moyo wangu ulikuwa umeshatoka mlangoni. Nikaifunga ripoti, nikaiweka kwenye meza ya Bwana Nassor, nikaenda zangu kuposwa.

Posa ilipokewa. Mamangu hakununa. Nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Kisiwani, na furaha hiyo ilidumu wiki tatu.

Fundi aliyepewa kazi ya nyumba ile alikuwa mgeni wa nyumba zetu. Ramani kubwa ilibaki ofisini, yeye alipewa fotokopi ya kurasa za ripoti tu. Ripoti ilisema kuta nyembamba za ndani zisizobeba kitu zinaweza kuondolewa ili vyumba viwe vipana. Akafungua ukurasa wa kumi na moja. Akatazama ule ukuta mwembamba. Mistari ya boriti haikuwapo! Ilikuwa myembamba mno, picha yangu ilikuwa imeila yote. Alichokiona ni ukuta mtupu usiobeba kitu.

Akauvunja.

Nilikuwa kazini, lakini mamangu alinisimulia kwamba mtaa mzima ulisikia ule mlio. Boriti zilikosa pa kukaa, wikio likainama upande mmoja kama mtu aliyeteguka kiuno. Bi Salma alikuwa kwa dadake, alhamdulillahi, hakuna aliyeumia. Lakini wakaguzi walipokuja walisema halifai kurekebishwa, litaangukia watu njiani. Likateremshwa kipande kwa kipande. Vijana wakambeba Bi Salma kwenye kiti, wakamshusha ngazi za dadake, wakampandisha ngazi za kwake. Nyumba ya Bi Rukia ilibaki na tundu lililozibwa kwa mabati, na ya Bi Salma vivyo hivyo.

Sasa sikilizeni nilichofanya.

Bwana Nassor alituita mimi na Hamisi. Alikuwa ameshika fotokopi ya ukurasa ule. "Hamisi! Boriti ziko wapi hapa? Mchoraji gani huyu anayesahau boriti?"

Hamisi akaupokea ukurasa. Akautazama, akapitisha kidole pale boriti zilipotakiwa kuwa. Kisha akanitazama mimi.

Nilijua. Ningewezaje kutojua? Ulimi ulikuwa mzito kinywani. Niliwaza mamangu, mashangazi, Kuze nzima ikisema binti fulani ndiye aliyewaangushia wikio wajane wawili. Niliwaza sifa yangu, ile "mikono ya Zainabu". Nikafungua mdomo… na mnajua kilichotoka?

"Msamehe, Bwana Nassor," nikasema. "Hamisi alikuwa na mambo mengi wiki ile. Nani asiyesahau? Mimi mwenyewe nimeshamsamehe."

Nimeshamsamehe! Tena kwa sauti ya upole, mkono kifuani!

Ramani kubwa ilikuwa kabatini, hatua mbili kutoka aliposimama Hamisi. Nilikuwa nikiomba kimoyomoyo asiikumbuke yeye wala Bwana Nassor. Hamisi hakuitoa. Aliurudisha ukurasa juu ya meza akasema tu, "Nimesikia, bwana." Siku hiyo hiyo akapoteza kazi.

Na mimi, kwa kuwa hakujitetea, nikaanza kujidanganya. Labda kweli alisahau kuichora ile mistari. Labda hata kwenye ramani kubwa haipo. Kabati lilikuwa pale kila siku, na kila siku nililipita bila kulifungua. Mtu akitaka kutojua kitu, wallahi hatakijua!

Jioni ile alinisindikiza mpaka mwanzo wa kichochoro chetu. Akasimama. Akaniuliza kwa utaratibu kabisa, "Zainabu, huna la kuniambia?"

Nikamjibu, "Ninalo. Kazi nyingine ukipata, uwe makini."

Alitikisa kichwa, akaniaga kwa salamu nzuri, akaenda. Wiki iliyofuata mjomba wake alikuja peke yake kwetu. Alizungumza na wazee kwa heshima, akasema kijana wao ameona hayuko tayari kuoa, tuwawie radhi.

Hasira niliyopata! Nililia siku tatu, kisha nikatoka nikaanza kumtangaza. Niliwaambia mashangazi, niliwaambia wanawake wenzangu kwenye kila harusi: mtu ameniharibia jina la ofisi, nimemsamehe mbele ya bosi, na bado ndiye anayenikataa! Wakanionea huruma. Wakanisifu kwa moyo wangu mzuri. Niliila huruma ile kama mtu mwenye njaa.

Lakini asubuhi ndizo zilizonishinda.

Dirisha la chumba changu lilikuwa jirani na nyumba za wale wajane. Kila kulipopambazuka nilisikia Bi Salma akiita kupitia kwenye mabati. "Rukia!" "Labeka!" "Umeamka?" "Nimeamka." "Umekunywa chai?" "Nimekunywa." Basi. Ni hayo tu, kwa sababu masikio yao yalikuwa mazito na kichochoro kina kelele za watu. Watu wawili waliokula pamoja miaka yote, sasa wanapigiana kelele kama wauzaji sokoni. Nilikuwa nikijifunika mto.

Wakati wa Idi walibebwa kwenye kiti wakaonana. Siku nyingine, nani angewabeba kila siku? Watu wana shughuli zao.

Mwaka uliofuata Bi Salma aliugua kifua. Haikuchukua muda. Bi Rukia alipopata habari kwamba hali imebadilika alipiga kelele abebwe. Vijana wakatafutwa, mmoja yuko bandarini, mwingine yuko dukani Mwembe Tayari… Walipokusanyika wakamshusha, wakampandisha, na alipofikishwa mlangoni mwa chumba, dadake alikuwa ameshafumbwa macho. Kwa wikio ingekuwa hatua kumi na nne. Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyezipima.

Kwenye matanga nilikwenda kumpa mkono Bi Rukia. Alinivuta nikakaa karibu yake. Akaniambia, "Mwanangu, kila nikisali namuombea yule mtoto aliyekosea ile ramani. Mungu amsamehe."

Nikaitikia, "Amina."

Wasomaji wenzangu, nimeitikia amina! Niliitikia dua iliyoombwa kwa jina la mtu mwingine, huku nimeshika mkono wa yule mama. Mwezi ule ule nikahamia Tudor. Mamangu nilimwambia ni kwa sababu ya kazi. Kumbe nilikuwa nakimbia dirisha, maana Bi Rukia asubuhi bado alikuwa akikaa pale kwenye mabati, na sasa hakuna aliyemwita.

Tangu hapo nikawa mtu wa peke yangu. Nakwenda kazini, narudi, napika sufuria moja, nakula nimesimama. Posa mbili zimekuja, nimezikataa zote. Ningemwambia nini mume? Kwamba anaoa mwanamke wa namna gani?

Ukweli ulinifuata mwenyewe. Bwana Nassor alitaka kabati litolewe vitu kwa sababu ya mchwa, nikaambiwa nizikague ramani. Ile ya Bi Rukia ikaja mkononi mwangu. Nilikaa chini sakafuni nikaikunjua.

Boriti zote zilikuwapo. Vipande vipande, moja baada ya moja, mpaka kwenye ukuta wa ndani, safi kabisa. Na pembeni, kwa herufi zake ndogo, Hamisi alikuwa ameandika: "Zimegunduliwa na Zainabu."

Nililia mpaka Bwana Nassor akatoka chumbani kwake. Nikamwambia kila kitu pale pale, nimekaa kwenye vumbi. Alinisikiliza, akazunguka meza yake mara mbili, akasema mtu wa kuambiwa haya si yeye peke yake.

Nikaenda kwa Bi Rukia. Nilimbusu mkono, nikamwambia. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliuvuta mkono wake taratibu akauweka chini ya kanga. "Basi enda mwanangu," akasema. "Leo sina neno. Enda kwa mwenyewe."

Nikavuka feri. Nilimkuta Hamisi nyumbani kwake, upande wa Kwale, anachora kwenye karatasi kwa rula na penseli, maana kompyuta hana. Anawachorea mafundi wa vijijini. Tangu afukuzwe, hakuna ofisi ya mjini iliyomchukua, habari za "mchoraji aliyesahau boriti" zilimtangulia kila alikobisha hodi. Na nani aliyezieneza? Mimi, kwenye harusi zangu!

Ana mke. Mwanamke mzuri, alinitandikia jamvi na kuniletea madafu bila kuniuliza ninatoka wapi. Hamisi aliniita "Bi Zainabu", kama mgeni yeyote. Nilimweleza mbele ya mkewe, kwa sababu aibu niliyompa ilikuwa mbele ya watu.

Aliweka penseli chini. "Nilijua," akasema. "Siku ile ile. Nilipoushika ule ukurasa tu nilijua umepiga picha kioo."

Nikamuuliza, sauti ikinikatika, mbona hakuitoa ile ramani kubwa? Ilikuwa karibu naye!

"Nilikuwa nakungoja," akasema. "Nilijua utaogopa kidogo, halafu utasema. Nilikuwa tayari kuubeba ule mzigo na wewe, hata kuubeba peke yangu kama ungenijia pembeni ukaniambia. Kukosea si kitu. Lakini ulinisamehe, Bi Zainabu. Mbele ya watu. Pale ndipo niliposhindwa."

Nikayaweka chini yale madafu, sikuyamaliza.

Aliongeza kwamba hana kinyongo, na kwa sura yake niliona ni kweli, na hilo ndilo lililonimaliza. Mtu mwenye kinyongo bado ana kitu chako moyoni. Yeye alikuwa amemaliza zamani. Akanisindikiza mpaka barabarani pamoja na mkewe, wakanitakia safari njema, wakarudi ndani kwao.

Bwana Nassor ameandika barua kwa ofisi anazozijua kulisafisha jina la Hamisi, na mimi nimeichapa barua hiyo kwa mkono wangu, na kuambatanisha ramani yake, safari hii kwa njia ndefu. Nimelinganisha mstari kwa mstari. Kwa mashangazi na kwenye zile harusi nimepita pia, nyumba kwa nyumba, nikirudisha maneno yangu. Wengine wamenifungia mlango. Nawapa haki yao.

Bi Rukia bado hajaniita. Ijumaa huwa nakwenda kumfulia na kumpikia, naingia kwa salamu na natoka kwa salamu. Ananijibu salamu tu.

Ninyi mnaonisoma, labda hamna kompyuta wala ramani. Mna sufuria, mna watoto, mna maduka, mna waume. Siku moja mtakuwa na haraka na mtaharibu kitu, na mtu mwingine ataitwa kuulizwa. Nawaomba kwa machozi, semeni "ni mimi" kabla hamjatoka chumba kile. Ulimi utakuwa mzito. Semeni hivyo hivyo na uzito wake! Nami nilidhani nitasema kesho, na kesho yangu ilichukua miaka miwili, ikachukua kazi ya mtu, ikachukua kuagana kwa ndugu wawili, ikanichukulia mume.

Na mkishindwa kusema, basi angalau nyamazeni. Msimpe mwenzenu msamaha ambao ninyi ndio mliotakiwa kumwomba.